Bwana Afya na Kamba wa Mtaroni

Mtu huyu alinifungia hoteli mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mjini Meru wakimtaja huanza hapo hapo. Kila mmoja ana siku yake aliyofungiwa. Mwenye bucha atakuambia habari ya nyama iliyoning'inia bila wavu. Mama wa mandazi atakuambia habari ya mafuta yaliyotumika kukaangia wiki nzima. Kisha watacheka, na kabla hujaondoka watakuuliza kama umemwona karibuni, na kama anaendelea vizuri.

Tulimwita Bwana Afya. Jina lake nalijua, lilikuwa limeandikwa chini ya zile notisi za kufungia hoteli, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe, alipokuwa hai, alisimama mlangoni akaita, "Bwana Afya, chai inapoa!" na yeye akaitika kutoka kwenye ndizi zake kama mtu aliyebatizwa hivyo.

Alikuwa mrefu na mwembamba, na koti lake jeupe lilimfika magotini. Alilifua mwenyewe kwa mkono kila Ijumaa. Mfuko wa kushoto ulikuwa na kalamu tatu na wa kulia ulikuwa na tochi, ambayo aliitumia mchana kweupe. Akiingia kwako hakutazama meza wala viti. Alipita wateja kama hawaoni, akaenda moja kwa moja jikoni, akapiga goti na kumulika chini ya sinki.

"Juu mmenioshea mimi," alikuwa akisema akiwa bado ameinama. "Na huku chini mnamwoshea nani?"

Mara ya kwanza alinifungia kwa ajili ya panya. Mara ya pili ilikuwa tangi la maji lisilo na kifuniko, na alichagua siku moja kabla ya siku kuu ya soko, siku ambayo mimi huuza kuliko wiki nzima. Alipigilia notisi mlangoni, akaniaga kwa adabu, akaenda. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Karimi, mpishi wangu, alikuja kukaa karibu nami akalia pia, ingawa yeye mshahara wake ulikuwa palepale.

Saa kumi na moja jioni nikamwona anarudi. Hakuwa na koti. Alikuwa amevaa fulana kuukuu na kushika ndoo na brashi.

"Umerudi kufunga nini tena?" nikamuuliza.

"Bwana Afya ametoka kazini saa kumi," akasema. "Mimi ni jirani yako. Ngazi iko wapi?"

Aliingia ndani ya lile tangi mwenyewe. Tuliusikia mluzi wake ukitoka humo kama kwenye pango, nyimbo za kanisani moja baada ya nyingine, na maji machafu yakitiririka. Kesho yake saa mbili kamili alifika akiwa na koti na kalamu. Alipanda ngazi, akamulika tangi kona kwa kona kama mtu asiyewahi kuliona.

"Nani aliosha hii kona?"

"Ni jirani yangu," nikasema.

"Mwambie jirani yako aongeze bidii."

Tuliirudia ile kona. Saa tatu na nusu nikafungua.

Katika miaka yote ya kazi yake hakula katika hoteli yoyote ya mji huu, wala hakunywa chai. Alitembea na thamosi na nduma mbili za kuchemshwa, zimefungwa kwa jani la mgomba, akazila akiwa amekaa kwenye jiwe nje ya posta. Alisema mtu hawezi kula mahali halafu apamulike. Wenye hoteli wapya walijaribu kumtegea pilau, na pilau zao zote zilipoa mezani.

Lakini ungeingia nyumbani kwake ungeshangaa. Magazeti ya miaka na miaka yalijaa hadi dirishani, baiskeli mbili zilikosa magurudumu, na kuku mmoja mwekundu alitagia kwenye kochi na hakuna aliyeruhusiwa kumsogeza. Siku moja nilimuuliza hii ni nini, wewe unayetufungia kwa nzi watatu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Nyumba yangu haiuzi chakula," akasema, akampisha kuku, akakaa kwenye ndoo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu tuliyemwita Hedimasta. Walijuana zamani, Bwana Afya alipokwenda kukagua vyoo vya shule yake, wakagombana siku nzima, na jioni wakagundua kwamba wote wanapenda drafti. Tangu hapo kila Jumamosi alasiri walikaa kwenye benchi langu la nje na ubao wao na vifuniko vya soda. Hedimasta alikuwa mfupi, mnene, wa maneno mengi, na alikuwa mwizi wa drafti. Alikuelekeza macho barabarani, "Aii, si huyo ni fulani?" na ukigeuka kifuniko kimoja kimehama. Bwana Afya, aliyeona kinyesi cha panya kutoka mlangoni, aligeuka kila mara. Nadhani alipenda kuibiwa na mtu huyo mmoja tu duniani.

Hedimasta alikuwa na shamba dogo pembeni mwa mji, huko juu barabara inakoanzia kupanda, na baada ya kustaafu alichimba mabwawa ya samaki. Maji ya mvua yanapozidi huko kwake huingia mtaro wa barabara, hupita mbele ya hoteli yangu, hukatiza nyuma ya soko na kuingia kwenye mto ulio chini ya daraja. Kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kuijua njia hiyo.

Asubuhi moja ya mvua za Aprili, Bwana Afya akiwa katika mwaka wake wa pili wa kustaafu, Karimi alitoka kumwaga maji ya vyombo, akapiga yowe lililowatoa watu wa bucha na visu mkononi.

Kulikuwa na kiumbe mtaroni. Kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva, urefu wa kiganja, kina miguu mingi, ndevu ndefu, na mbele kimeinua magando mawili kama koleo. Ulipokisogelea kilirudi kinyumenyume kikikutazama. Hapa kwetu tunamjua mjusi, tunamjua nyoka na kinyonga, lakini mdudu wa namna ile hakuna aliyewahi kumwona. Watu wa bodaboda waliacha pikipiki zao wakaja na simu. Mmoja alisema ni nge aliyekula mbolea ya dukani. Mwingine akasema ni dalili. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kikapu cha sukumawiki akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti.

"Mwiteni Bwana Afya," mtu akasema, na hakuna aliyekumbuka kwamba amestaafu. Yeye pia hakukumbuka, maana alikuja amevaa koti.

Umati ulimpisha. Akapiga goti kwenye ukingo wa mtaro, akamulika.

"Ni kamba," akasema.

Watu wakatazamana. "Mzee," kijana mmoja wa bodaboda akasema kwa heshima, "kamba si ni ile ya kufunga mbuzi?"

"Kuna kamba ya kufunga mbuzi, na kuna kamba wa majini. Huyu ni wa majini."

Yule mwanamke aliposikia neno majini akaongeza sauti mara mbili, na wengine watatu wakajiunga naye. Bwana Afya alisubiri wamalize, wapi. Ikabidi apaze sauti na kueleza kwamba anasema habari ya maji, maji ya kawaida, ya kunywa. Kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi Naivasha, na kule ziwani walijaa wanyama hawa, walioletwa na watu kutoka ng'ambo. Alimshika mgongoni kwa vidole viwili jinsi alivyojifunza kule. Pamoja na hayo gando likamfikia kidole gumba. Hakupiga kelele.

"Bado ni wakali," akasema, akamtia kwenye ndoo yangu ya unga.

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini niliuona uso wake. Alikuwa anautazama mtaro kuelekea juu.

"Mama Hoteli," akaniambia polepole. "Huyu hana mabawa. Amekuja kwa miguu, na hakuja peke yake. Wewe una ndizi za kumwagilia kule Mitunguu, sivyo?"

"Nina kipande cha shamba la mama."

"Mfereji wako wa maji, kingo zake ni za saruji au za udongo?"

"Za udongo. Wote tuna za udongo."

"Hawa hutoboa udongo. Wanachimba mashimo ya kulala. Leo shimo, kesho shimo, halafu siku moja unafungulia maji na ukingo wote unaondoka. Na kile ambacho hawatoboi wanakula. Mayai ya samaki, vyura, kaa wa mtoni, majani, kila kitu."

Kicheko kiliniisha. Kipande kile cha Mitunguu ndicho kilichowasomesha watoto wangu. Hoteli ilitulisha tu.

Karimi alikataa kabisa kushika ile ndoo, kwa hiyo niliishika mimi. Tulifuata mtaro kwenda juu, yeye mbele akimulika, mimi nyuma na mnyama wangu akikwaruza plastiki. Tulipata mwingine karibu na duka la mbolea, na mwingine kwenye kalvati linalopita chini ya barabara. Kila tulipopata mmoja, Bwana Afya alipunguza mwendo kidogo. Nadhani alikuwa ameshajua tunakokwenda na hakutaka kufika.

Hedimasta alikuwa kwenye bwawa la tatu, lile alilolizungushia mabati. Mvua ya usiku ilikuwa imelifurisha, na alikuwa anaziba ukingo kwa jembe, matope hadi kifuani.

"Bwana Afya!" akaita kwa furaha. "Leo ni Jumanne, drafti ni Jumamosi!"

Ndipo akaiona ndoo.

"Hawa ni wako?" Bwana Afya akauliza.

Hedimasta alitazama ndoo, akanitazama mimi, akatazama jembe lake. "Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Wakishakua."

"Wameshakua. Mmoja amefika mpaka kwa Mama Hoteli."

Ningecheka, ila hakuna aliyekuwa akicheka. Hedimasta alieleza kwamba mpwa wake aliwaleta kutoka Naivasha kwa debe, kwamba kuna hoteli ya watalii inayowataka, kwamba hii ni biashara safi isiyo na kelele. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua mahali pa kunyamazia, akasema kwamba Alhamisi mpwa huyo atapeleka ndoo mbili Mitunguu kuanzisha bwawa jingine huko, kwenye joto, ambako watazaana haraka.

"Hawaendi Mitunguu," Bwana Afya akasema.

"Wewe umestaafu. Huna muhuri."

"Sina. Nimekuja na miguu tu. Nakuomba kama rafiki, ukaushe hili bwawa leo. Maana kesho asubuhi nitakwenda ofisi ya samaki, na wewe unanijua, mimi sijui kuficha."

"Utaniripoti? Mimi?"

"Nitaripoti bwawa."

"Bwawa lina mwenyewe!"

"Ndiyo sababu nimeanza na mwenyewe."

Hedimasta alitupa jembe chini, akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Tuliteremka barabara. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Bwana Afya alitembea bila mluzi.

Alikwenda, kama alivyosema. Maofisa walikuja Jumatano alasiri, wakazichukua zile ndoo mbili kabla hazijapanda gari, wakampa Hedimasta siku za kukausha bwawa. Hawakumtoza chochote. Lakini barabara nzima iliona gari la serikali mlangoni kwa mwalimu mkuu mstaafu, na kwa mtu kama yeye hilo lilitosha.

Jumamosi Bwana Afya alifika kwenye benchi langu saa nane. Alipanga vifuniko vyote, vya kwake na vya mwenzake, akakaa akiwa amekunja mikono. Saa kumi na moja akavirudisha koponi kimoja kimoja. Jumamosi iliyofuata akafanya hivyo hivyo. Wiki ya tatu nilimwambia nitacheza naye mimi. Akanishukuru, akasema mimi siibi, haitanoga.

Wakati huo wale kamba walikuwa wameshafika mtoni. Wafuaji waliwaona chini ya daraja, kisha wachota maji. Mbuzi wa mtu akafa, na ingawa daktari wa mifugo alimpasua akakuta mfuko wa plastiki tumboni, habari ilishaondoka na pikipiki: wadudu wekundu wana sumu, maji yameharibika. Watu wakaacha kuchota.

Siku ya soko ya wiki ya nne nilisikia kelele darajani, nikatoka na aproni yangu. Pale palikuwa na umati, na katikati mfugaji mmoja wa ng'ombe wa maziwa, mtu mwenye nguvu na mwenye wasiwasi, ameshika jerikeni la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alikuwa anataka kuimwaga yote mtoni awaue wadudu mara moja. Na watu wengi walikuwa upande wake. Waliogopa, na alikuwa mtu pekee aliyeleta kitu.

Bwana Afya alikuwa amesimama ndani ya maji na gambuti zake, chini kidogo ya mfugaji, koti limelowa hadi kiunoni.

"Mwaga," alikuwa akimwambia. "Lakini watu wa chini wanakunywa haya maji. Mwaga, halafu tuteremke pamoja ukawaambie wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

"Na hii sumu ya wadudu nayo wanywe?"

"Nani amesema wana sumu?"

"Kila mtu!"

"Basi nitamla."

Umati ukasogea karibu. Mfugaji akatazama huku na huku. "Utakula hiyo kitu?"

"Nitakula hapa hapa mjini, nyote mkiona. Nikianguka, mwaga dawa yako. Nisipoanguka, urudishe hilo jerikeni nyumbani."

"Sawa," mfugaji akasema. "Mimi ni mtu wa neno langu."

"Utakula wapi?" mtu akauliza.

Bwana Afya alinyoosha mkono akanionyesha mimi. "Kwa Mama Hoteli."

Nawaambia ukweli, mawazo yangu hayakwenda kwenye kamba wala sumu. Yalikwenda chini ya sinki. Nilikimbia. Mimi na Karimi tulipiga deki ile sakafu kama watu walioambiwa rais anakuja, na umati ulipofika ukiongozwa na koti lililolowa, maji yalikuwa yanachemka.

Alileta dazeni moja kwenye ndoo. Alinielekeza niwachemshe na chumvi hadi wekundu wao ukolee kabisa, niwaache dakika chache zaidi kwa usalama, kisha niwapitishe kwenye karai na kitunguu saumu. Harufu iliyotoka jikoni kwangu siku ile sijawahi kuisikia tena. Nilimwekea sahani mezani. Watu walijaa madirishani, wengine walipanda juu ya benchi. Mfugaji alikaa mkabala naye, jerikeni katikati ya miguu yake.

Bwana Afya alinawa mikono kwa sabuni, muda mrefu, hadi viwiko. Alimvunja mmoja mkia, akamenya gamba, akatoa kipande cheupe. Akatafuna. Akameza. Watu wakasubiri aanguke.

"Eeh?" mfugaji akauliza. "Iko aje?"

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona kitu kikipita machoni mwake, kama mtu aliyefungua mlango asioutarajia. Kisha uso ukafungwa.

"Kama mpira wa gari," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Gari la zamani."

Kicheko kilipasuka. Wengine walisikitika, nadhani walikuwa wameanza kumeza mate. Tulikaa nusu saa, hakuanguka. Akawaambia maji ni salama kama yalivyokuwa jana, wachemshe kama alivyowaambia miaka yote, na anayemwona kamba amlete kwake. Mfugaji akasimama, akampa mkono, akabeba jerikeni lake akaenda.

Umati ulipotawanyika Bwana Afya alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama Hoteli, wamebaki wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Una ndimu?"

Nilimtazama. "Si umesema ni mpira?"

"Wakijua utamu wake," akanong'ona, "kesho kila nyumba Meru itakuwa na bwawa." Kisha alifanya jambo ambalo bado nikilikumbuka nacheka peke yangu. Alivua lile koti, akalikung'uta, akalitundika nyuma ya mlango, ndipo akaketi kula. "Sijawahi kusema uongo nikiwa nimelivaa, mpaka leo," akasema. "Acha angalau nisile nikiwa nalo."

Alikuwa kwenye wa tatu mlango ulipogongwa. Alikuwa Hedimasta. Alikuwa kwenye umati muda wote, nyuma kabisa, na hatukumwona. Alisimama kizingitini akizungusha kofia yake.

"Mimi nilijua ni watamu," akasema. "Ndiyo maana niliwafuga."

Bwana Afya akasogeza sahani hadi upande wa pili wa meza.

Hedimasta akaketi. Alikula mmoja, akapangusa midomo. "Bwawa nimelikausha. Juzi. Nimetia chokaa mpaka kwenye mashimo."

"Peke yako?"

"Na nani mwingine?"

"Ungeniita."

"Ningekuitaje?" Hedimasta akasema, akichukua kamba mwingine. "Nilikuwa nimekukasirikia."

Nilitoka nikawaacha. Niliporudi sahani ilikuwa tupu, na walikuwa wanabishana kuhusu mitego.

Kuanzia siku hiyo, miezi yote iliyofuata, mji mzima ulizoea kuwaona wazee wawili wenye gambuti wakiteremka mtoni kila asubuhi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mitego waliisuka kwa waya, mingine walipewa na ofisi ya samaki. Chambo kilikuwa matumbo, na matumbo yalitoka kwa wenye bucha wale wale waliofungiwa zamani. "Angalia, Bwana Afya, yamefunikwa na wavu," walimwambia wakimkabidhi, na yeye aliangalia kweli. Hedimasta aliandika idadi kwenye daftari la shule, siku kwa siku, na Bwana Afya alihesabu upya kwa sababu alijua mwandishi ni nani. Mwanzoni walipata ndoo. Kisha nusu ndoo. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja walipata watatu kwa wiki nzima, kisha mmoja mdogo, kisha hakuna.

Niliwapigia makofi, nikasema sasa wamekwisha. Bwana Afya akatikisa kichwa.

"Sijawaona," akasema. "Hiyo si sawa na hawapo."

Waliendelea kutega mwaka mwingine mzima, mitego inatoka mitupu, na wao wanarudi wakicheka kama watoto waliotoroka shule. Kule Mitunguu mfereji wangu haukupata shimo hata moja. Hakuna mtu aliyemshukuru kwa hilo, mimi pia sikumshukuru vizuri, kwa sababu ni vigumu kumshukuru mtu kwa jambo ambalo halikutokea.

Baadaye miguu ilimlemea, binti yake akamchukua akakae naye Nkubu. Nilimwona mara ya mwisho mwaka huu, mwezi wa Februari. Alikuwa ameletwa mjini kliniki, na kabla ya kurudishwa aliomba ateremshwe mtoni. Binti yake alinipigia simu, akaniambia, "Mama, anakutaka wewe, mimi anasema natembea haraka."

Nilimkuta amekaa kwenye gogo karibu na maji, fimbo kati ya magoti, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amepungua, mikono imekuwa myepesi. Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Hedimasta alikuwa na simu mpya, akasema, na sasa anampigia kila asubuhi kumweleza habari ambazo hakuuliza. Kisha tukasikiliza maji.

"Mgongo haukubali kuinama," akasema. "Nifunulie lile jiwe. Lile bapa, lenye ukoga."

Nilivua viatu, nikaingia. Maji ya mlimani yalikuwa baridi kiasi cha kuuma. Nilishika jiwe kwa mikono miwili, nikaliinua upande mmoja taratibu.

Chini yake alikuwa kaa. Si mkubwa, mpana kama kifuniko cha chupa ya jamu, rangi ya kahawia kama udongo wenyewe. Sikuwa nimemwona kaa katika mto ule kwa muda mrefu, tangu kabla ya ile asubuhi ya mtaro. Na tulipokuwa wasichana, tukifua hapa na mama zetu, tuliwatoa wanne kwa jiwe moja tukawakimbiza kwenye majani. Huyu alitulia akinitazama, viputo vidogo vikimtoka mdomoni. Nyuma yake walikuwa wadogo, wadogo kama punje za mahindi, wakijificha kwenye changarawe.

"Yuko?" Bwana Afya akauliza kutoka kwenye gogo. Hakuweza kuona vizuri kutoka pale.

"Yuko."

"Rangi gani?"

"Kahawia."

"Ana watoto?"

"Wengi. Siwezi kuwahesabu."

Alifumba macho, akakaa hivyo, uso umeelekea jua. Nilidhani amesinzia. Miguu yangu iliganda kwa baridi, jiwe likaanza kunilemea, nami nikaendelea kulishikilia.

"Sasa rudisha jiwe, mama," akasema, macho bado yamefumbwa. "Polepole. Kuna mtu anaishi hapo."

Nikalirudisha.